Kabla Watu Hawajapita

Ufagio wa chelewa haununuliwi kwa macho. Unaushika shingoni, unagonga kitako chake chini mara mbili tatu, unasikiliza. Njiti zikicheza, ujue umefungwa na mtu mwenye haraka na hautamaliza mwezi. Ukiwa umekaza, unaugeuza na kutazama ncha. Zikiwa nene na zimekatwa sawasawa kwa kisu, muuzaji amekupa mabaki. Chelewa nzuri huishia kwenye ncha nyembamba inayopinda bila kukatika. Wauzaji wa sokoni wanamjua anayefagia na anayetumwa. Aliyetumwa huanza na bei.

Anayeutengeneza hana siri kubwa. Kuti la mnazi linachanwa, kila jani linakwanguliwa kwa kisu mpaka ubaki uti wa katikati tu, kisha njiti hizo zinakusanywa kwa mamia na kufungwa kwa kamba ya ukindu au, siku hizi, kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ambao kusema kweli unakaza kuliko kamba yoyote. Ukishaanza kutumika, ufagio hulika upande mmoja kufuata mkono wa mwenyewe. Nyumba yenye mtu wa mashoto utaijua kwa ufagio wake ulioegemezwa mlangoni. Ndiyo maana ukiazima wa jirani mkono unagoma. Unafagia lakini kama uliyevaa viatu vya mwenzio.

Kazi nayo ina taratibu zake. Kwanza unanyunyiza maji kwa kiganja kutoka kwenye ndoo, au kwa kopo lililotobolewa kitako, ya kutosha kulilaza vumbi bila kufanya tope. Anayekosea kipimo hicho hula vumbi au huburuta matope. Unatazama upepo unakotoka, unaupa mgongo. Unainama kiunoni, mkono mmoja umeushika ufagio karibu na shingo, mwingine umelala mgongoni au umeegemea goti, unaanzia mlangoni kwenda nje. Majani ya mkungu hayasumbui. Ni makubwa, yanapokauka ni mekundu, na yakisukumwa yanakwenda kwa kundi. Majani ya mwarobaini ndiyo shari: madogo, yanajizika mchangani, na ukigeuka nyuma baada ya kumaliza unakuta mti umekwisha kukumwagia mengine. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Tanga chini ya mwarobaini mmoja mkubwa, hakuwahi kuulalamikia. Alisema mti nao una kazi yake. Mimi niliulalamikia kwa niaba yake.

Kabla hajaigusa ardhi, bibi alikuwa anaisoma. Alisimama kizingitini na ufagio mkononi, hasemi na mtu, akiutazama mchanga alioufagia jana yake alasiri. Kwenye mchanga uliofagiwa, kila kilichopita usiku kinajiandikisha. Paka kapita hapa, akasimama, akarudi. Kuku wa jirani wametoroka tena banda. Kenge amekokota mkia mpaka kwenye beseni la maji. Kandambili iliyolika kisigino ni ya mtu fulani, amekuja kuchota maji bila kubisha hodi. Na kijana wa nyumbani, aliyeapa kwamba alirudi saa nne, nyayo zake zimepita juu ya nyayo za paka, na paka yule kila mtu anajua saa zake. Hilo lilikuwa gazeti la bibi, na halikukosa toleo hata siku moja isipokuwa wakati wa masika, mvua ilipofuta ukurasa.

Asubuhi moja alikuta alama za viatu asivyovijua chini ya dirisha la mjomba. Uwanja wote aliufagia, kipande kile akakiacha. Alikizungushia mawe, akamwita mjumbe wa nyumba kumi aje aone kwa macho yake. Hakuna kilichoibwa na hakuna aliyekamatwa, lakini kwa wiki nzima watu walikuja kutazama yale mawe, wakainama, wakajadili ukubwa wa kisigino. Nilikuwa mdogo, na nilichoshangaa ni kwamba mtu niliyemdhani kila siku anafanya jambo lilelile alikuwa kumbe kila siku anatazama jambo jipya.

Ufagio una miiko. Usifagie usiku, utafukuza riziki. Usimguse mtu miguu kwa ufagio. Mgeni akiondoka, usifagie nyuma yake mara moja. Ngoja kwanza afike mbali. Wako wenye akili za mahesabu wanaosema mwiko wa usiku ulitokana na giza: kwa mwanga wa koroboi mtu angeweza kufagia pete au senti iliyodondoka, akaitupa jaani pamoja na taka. Maelezo hayo yanakubalika, ingawa yanaunyima mwiko ladha yake. Na kwenye Injili ya Luka mambo ni kinyume kabisa: yule mwanamke aliyekuwa na sarafu kumi akapoteza moja anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta mpaka anaipata, kisha anawaita rafiki na majirani wafurahi naye. Ufagio uleule unaoogopwa kwamba utapoteza ndio uliorudisha. Ninachokipenda zaidi katika kisa hicho ni majirani. Sarafu imepatikana, angeweza kuifunga kwenye pindo la kanga akalala. Badala yake anagonga milango ya watu.

Siku hizi tunaambiwa sana tutafute maana katika mambo madogo. Kuna semina za jambo hilo, kuna vitabu vyake vilivyopangwa chini kando ya barabara, kuna watu wa redioni asubuhi wanaotuelekeza tunywe chai bila haraka na tuoshe vyombo huku mawazo yako kwenye vyombo. Si ushauri mbaya. Mtu anayeosha vyombo akiwaza deni huvunja glasi. Shida yangu ni kwamba ushauri huo unamwacha mtu peke yake na sufuria lake, kana kwamba maana huchotwa kichwani ikapakwa juu ya kazi. Kwa nilivyoona mimi, uwanja hufagiwa kwa sababu kuna mtu atapita. Anaweza kuwa mkwe, au mtoto anayeota meno na kuokota kila kitu chini na kukitia mdomoni, au mwenye nyumba mwenyewe akitoka kwenda kazini. Ondoa mtu huyo, ufagio unabaki mazoezi ya kiuno.

Wabudha wa China wana kisa cha mtawa wa karne ya 9, Xiangyan Zhixian, aliyekuwa anafagia, ufagio ukarusha kijiwe, kijiwe kikagonga mwanzi, na kwa mlio ule akafunukiwa yale aliyoyakosa katika vitabu vyake vyote. Watawa wa Zen huko Japani mpaka leo hufagia kama sehemu ya ibada yao ya siku. Naheshimu. Nami kwa ufagio wangu nimerusha vizibo vingi vya soda vikagonga mabati na mapipa kwa milio ya kila namna, na kilichofunguka ni dirisha la jirani akiuliza kuna nini asubuhi yote hii. Sisemi jirani ndiye jibu la fumbo la mtawa. Nasema kwetu ufagio hufika kwa jirani haraka kuliko unavyofika rohoni.

Anayetaka kuliona hili aende msibani mapema. Habari ikishafika mtaani, kabla turubai halijafungwa, kabla hata haijajulikana maziko ni saa ngapi, utawaona kina mama wawili watatu wanaingia uwanjani na fagio walizotoka nazo majumbani mwao. Hawaombi ruhusa na hawagawani kazi. Mmoja ameanzia mlangoni, mwingine upande wa jikoni, wa tatu anasogeza matofali na ndoo ili majamvi yapate pa kutandikwa. Mfiwa amekaa ndani, hawezi kusimama, na watu wako njiani. Wanaume watafuata na viti, meza na daftari la rambirambi. Watakaa na kuzungumza kwa sauti ya chini kuhusu gari la kubeba mwili. Lakini uwanja utakuwa umekwisha kufagiwa, na wengi wao hawatakumbuka kwamba asubuhi ile ulikuwa na majani.

Nimewahi kumuuliza mama mmoja wa mtaani kwetu kwa nini huwa anafika na ufagio wake, wakati kila nyumba ina wake. Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Sasa mwanangu, nimuulize mfiwa ufagio uko wapi?"

Wengi wetu, hata hivyo, hatukuujua ufagio kwa njia hiyo. Tuliujua shuleni. Kila darasa lilikuwa na eneo lake, na kengele ya kwanza ilikuwa ya usafi: vumbi linatimka, viranja wanazunguka na vijiti, mwalimu wa zamu amesimama chini ya mlingoti. Hadi hapo hakuna ubaya. Watoto mia moja wakifagia pamoja kuna nyimbo na kuna utani. Ubaya ulianza kwa mchelewaji. Umechelewa namba, nenda kafagie. Umeongea darasani, kafagie. Umefanya kosa kubwa, kaoshe vyoo. Kufikia darasa la saba mtoto alikuwa amekwisha kujifunza, bila mtu kuandika lolote ubaoni, kwamba ufagio ni mali ya mkosaji. Na adhabu yenyewe ilikuwa na ujanja wake wa kuiua kazi: ulifagia mahali palipokwisha kufagiwa, saa ambayo hakuna mtu atakayepita, huku anayekusimamia akitazama saa.

Mwalimu Nyerere hakutaka hivyo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alishangaa kwa nini shule zetu, hasa za sekondari, ziliajiri watu wa kuwafanyia wanafunzi usafi na bustani, wakati hao wanafunzi wana mikono na nguvu na wengine wao ni watu wazima tayari. Alitaka shule iwe jamii inayojitunza, wanaoishi mahali wapatunze. Tukaupokea ufagio, sababu yake tukaiacha njiani. Leo mzazi akisikia mwanawe kafagia shule anakasirika, naye ana haki, kwa kuwa anakumbuka yeye alifagia kwa sababu gani.

Kuna ufagio wa namna nyingine, ule wa hafla. Mgeni rasmi anakuja na fulana mpya yenye ujumbe kifuani, glavu nyeupe, na ufagio ambao bado una unga wa kisu kilichoukwangua. Anafagia hatua tano kwenye mahali palipofagiwa alfajiri na watu wa manispaa. Kamera zinapiga. Hotuba inafuata, na chupa za maji ya kunywa zinabaki chini. Sisemi kila usafi wa viongozi ni mchezo. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli, akiwa na mwezi mmoja tu na siku chache madarakani, alifuta sherehe za Uhuru akaagiza nchi nzima ifanye usafi, naye mwenyewe akaonekana akiokota taka kwa mikono kuelekea soko la samaki la Feri. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Dar es Salaam tangu Agosti mwaka huo. Siku ile kila mtu alijua taka zinaokotwa kwa ajili ya nani: ya mtoto aliyelazwa, ya muuza juisi, ya yeyote anayekunywa maji ya kisima cha bondeni. Majirani zetu wa Rwanda wana umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na aliyewahi kuwa Kigali asubuhi hiyo ameona barabara tupu na watu wazima wenye majembe na fagio. Hapo kuna sheria na kuna faini, na mtu anaweza kuuliza hiari imeishia wapi. Swali zuri. Lakini baada ya kazi watu hukaa chini wakazungumza mambo ya mtaa wao, na nadhani mazungumzo hayo yanawavuta wengine kuliko faini.

Sasa nifike mahali ambapo sifa ninazoumwagia ufagio zinapata kikwazo. Nikifagia uwanja wangu, mwanamume mwenye mvi, wapita njia hunisalimia vizuri kisha huuliza, "Shemeji kasafiri?" Wanatania, lakini hawatanii. Hakuna aliyewahi kumuuliza mke wangu kama mumewe kasafiri kwa sababu tu ameshika ufagio. Ni rahisi kwa mwandishi kukaa na kuandika habari za maana katika kufagia, na kazi yenyewe amemwachia mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuitafakari. Dada wa kazi anaamka kabla ya wote, anafagia uwanja usio wake kwa ajili ya wageni ambao hawatajua jina lake. Nikimwambia kwamba maana iko katika kumtarajia anayepita, ana haki ya kuniuliza: na mimi nani ananitarajia?

Na wale wanaofagia barabara kuu za Dar es Salaam, wengi wao kina mama waliovaa vizibao vya kuakisi mwanga, hao wapitaji wao hawashuki. Wanafagia mchanga unaojikusanya kando ya lami, gizani, magari yakiwapita karibu kiasi cha kupeperusha vilemba vyao. Dirisha linashuka, mkono unatoka, chupa ya plastiki inaanguka pale palipofagiwa dakika iliyopita, dirisha linapanda. Hapa mtu anatarajiwa kweli, kila siku, kwa maelfu, na bado kazi inakuwa chungu. Kumbe haitoshi apite mtu. Lazima aone kwamba kuna aliyetangulia.

Waislamu wana simulizi mashuhuri juu ya jambo hili, imo katika hadithi za Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Alikuwepo mwanamke mweusi, ingawa wapokezi wengine wanasema alikuwa kijana, aliyezoea kufagia msikiti wa Mtume Madina. Akafariki. Masahaba wakamzika bila kumjulisha Mtume, kama walioona jambo lake ni dogo, si la kumsumbua. Mtume hakumwona, akauliza yuko wapi. Walipomwambia, akawalaumu kwa kutompa habari, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia. Masheikh huisimulia kueleza fadhila za kuhudumia msikiti, nao wengine huitumia katika hukumu za sala ya jeneza kaburini. Mimi hunasa pale mwanzoni: aliuliza yuko wapi. Maana yake kila siku alikuwa anamwona. Msikiti ulikuwa na watu wengi mashuhuri, na nafasi tupu iliyoonekana ilikuwa ya mwenye ufagio.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alizitenga shughuli zetu. Kuna zile zinazozunguka pamoja na uhai, kupika, kufua, kusafisha, ambazo zikifanywa leo kesho zinaanza upya na hazibakishi kitu. Na kuna zile zinazoutengenezea ulimwengu vitu vya kudumu, meza, jengo, shairi. Mgawanyo huo una nguvu, na unaeleza vizuri kwa nini mtu aliyefanya kazi miaka 50 ndani ya nyumba yake anaweza kuulizwa maishani alifanya nini akakosa la kuonyesha. Kwa kipimo hicho bibi yangu hakuacha kitu.

Lakini nenda kautazame uwanja wake. Mwarobaini ule umesimama juu ya mizizi iliyo wazi, minene kama paja, ambayo zamani ilikuwa chini ya ardhi. Mlango wa mbele ulikuwa na kidato kimoja. Mjomba alilazimika kujenga cha pili, kisha cha tatu, kwa sababu ardhi ilikuwa inashuka na wazee hawafiki. Msingi wa nyumba ulioanza kwa kuonekana shubiri sasa unaonekana mpaka gotini. Kila asubuhi ufagio uliondoa majani na mchanga kidogo pamoja nayo, mvua ikasaidia, na kwa miaka mingi mwanamke mmoja mwembamba aliushusha uwanja mzima akaupeleka nyuma ya nyumba. Jaa limekuwa kilima. Juu yake umeota mgomba, ndio unaozaa kuliko yote. Bwana shamba angetikisa kichwa, angeeleza mmomonyoko wa udongo, angeshauri nyasi zipandwe, na angekuwa sahihi kabisa. Mti ule siku moja utaanguka. Sifa ninayompa bibi haina uhusiano na kilimo. Nataka tu isisemwe kwamba hakubakisha kitu, na wakati huohuo nakiri kwamba alichobakisha ni ardhi iliyopungua.

Kusini mwa Kilwa Kisiwani kuna kisiwa cha Songo Mnara, chenye magofu ya mji wa mawe uliokaliwa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Pamoja na Kilwa, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Wageni hutazama kuta na mihrabu. Wataalamu wa mambo ya kale waliofanya kazi huko miaka ya karibuni waliinama zaidi: walichukua udongo wa sakafu na wa viwanja vilivyo wazi, wakaupima kemikali zake na masalia madogo ya mimea, ili kujua watu walipikia wapi, walikaa wapi, walifanyia wapi kazi zao. Sababu ya kuinama kiasi hicho ni ufagio. Kokote duniani, nyumba inayokaliwa hufagiwa. Vigae vikubwa vya vyungu, mifupa na makapi huenda jaani, ndiyo maana majaa ni hazina kwa wachimbaji. Kwenye sakafu hubaki vile ambavyo ufagio umeshindwa: ushanga, sarafu ndogo ya shaba iliyozama kwenye udongo, na vumbi la maisha lililokanyagwa likashikamana na ardhi. Mji una misikiti, una kuta, una makaburi katikati ya uwanja mkubwa, na wa kutueleza watu wake walivyoishi siku ya kawaida ni uchafu uliomponyoka mfagiaji.

Wazo hilo linanipendeza kwa namna isiyo ya kitaaluma. Kuna mtu kule, karne sita zilizopita, aliyenyunyiza maji uwanjani asubuhi kwa sababu kuna watu watakuja kuswali, au kununua, au kumposa binti. Waliokuja baada ya watu hao hakuwatarajia kabisa, nao wamekuja na vijiko vya chuma na mifuko ya plastiki.

Mtaani kwetu sasa viwanja vya mchanga vinakwisha. Kila nyumba inaweka pevingi. Mvua ikinyesha, maji yasiyopata pa kuzama yanatoka getini kwa kasi na kuingia kwa asiyeweka, na asiyeweka anashauriwa aweke. Kwenye pevingi ufagio wa chelewa hauna kazi, unakwaruza tu. Kunatakiwa brashi ya mpini mrefu na mpira wa maji. Mtu anasafisha akiwa amesimama wima, jambo ambalo kiuno hakiwezi kulikataa. Paka akipita usiku haijulikani. Mtoto akirudi saa nane, ni neno lake na lako.

Fundi alikuja akapima kwa kamba. "Mzee," akaniambia, "ukishaweka hii unasahau habari ya kufagia." Mke wangu alikuwa amesimama pembeni na hakusema neno, ila alimtengea chai, nami nikajua upande wake ni upi. Ana hoja. Vumbi linamletea mafua, tope la masika linaingia mpaka sebuleni, na katika nyumba yetu, pamoja na maneno yote haya niliyoyaandika, ufagio umekuwa mkononi mwake kuliko mwangu. Tumekubaliana pevingi iwekwe kutoka getini mpaka mlangoni, na upande wa mwembe ubaki mchanga. Kilichobaki ni kujua upande huo utakuwa zamu ya nani. Kijana wetu wa kidato cha pili ametoa hoja kwamba aufagie aliyeupigania, dada yake amemuunga mkono, na mpaka sasa sijapata la kuwajibu.